Bata Aliyeitwa Sista

Jumapili, saa kumi kasoro. Izia, Sumbawanga.

Upepo wa leo unakata. Mwezi wa saba huku juu hauna mzaha, nimevaa sweta mbili na bado vidole vinaganda nikiandika. Skola amejilaza chumbani baada ya misa na chakula cha mchana kwao. Mimi nimekaa jikoni, mlango nimeufunga, na mbele yangu kuna kisosi chenye goroli tatu za risasi.

Nina aibu. Nimeona niiseme mapema, maana nikianza kuizunguka nitaishia kuandika habari za baridi.

Kwa mnaopita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mtu wa Mbeya. Nilikuja Sumbawanga miaka sita iliyopita kama mpima ardhi, nikaoa hapahapa. Mke wangu Skolastika ni binti wa Mzee Deogratias, mwalimu mstaafu, mwenye shamba la mahindi na ulezi upande wa barabara ya kwenda Matai. Nyuma ya shamba lake kuna kinamasi kikubwa chenye matete, na pembeni ya kinamasi kuna banda la mabati ambalo wenyewe wanaliita kilabu. Si kilabu cha pombe, ingawa mama mkwe anasema hajawahi kuona tofauti.

Ni kilabu cha kuwinda bata. Wanachama ni wanane, ndugu na marafiki, kila mmoja ana kibali chake na bunduki yake. Ukiwahesabu, mimi ndiye pekee asiyezaliwa Ufipa.

Kilabu kina sheria mbili tu, na Mzee Deo ameziandika kwa chaki kwenye bati, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni. Ya kwanza, hapigwi bata aliye majini, anapigwa anayeruka. Ya pili, aliyeua ndiye anayemfuata majini, na ndiye anayemnyonyoa. Hakuna kumtuma mtu. Mzee anasema ukimnyonyoa ndege kwa mikono yako mwenyewe, hutaua wengi kuliko unaoweza kula.

Sheria ya kwanza ipo kwa sababu ya Sista.

Sista alikuwa bata mwitu, wale wanaopiga mluzi. Miaka mitatu iliyopita Mzee aliokota mayai kwenye majani wakati wa kulima, akayaweka chini ya kuku wake. Likaanguliwa moja. Akatoka bata mwenye uso mweupe na kisogo cheusi mpaka shingoni, kama mtawa na kitambaa chake, na Fortunatus, shemeji yangu, akamwita Sista hapohapo. Mama mkwe alipinga jina hilo wiki nzima, akihofia padri atalisikia. Wiki ya pili yake tukamsikia uani akiita, "Sista, njoo ule."

Alilala na kuku. Mzee akitoka asubuhi, Sista alimfuata mpaka chooni akamsubiri mlangoni. Msimu wa kuwinda ukifika, Mzee alimtia kwenye tenga, akalifunga nyuma ya pikipiki, wakaenda wote kinamasini. Pale alimfunga mguu kwa kamba ya katani, mwisho wa kamba jiwe, akamwacha aelee hatua kama ishirini kutoka kwenye kificho chetu. Mzee anapiga mluzi, Sista anaitikia, na bata wa mwituni wakimsikia mwenzao ametulia wanashuka. Sijaona bunduki iliyosaidia kilabu kile kuliko Sista.

Sasa mimi.

Misimu mitatu nimeenda kinamasini, misimu mitatu sijaangusha kitu. Fortu ananiita Bwana Hewa kwa sababu, anasema, hewa ndiyo ninayoipiga vizuri. Watu wananiita hivyo mpaka sokoni. Nacheka nao. Kazi yangu ni kutazama kwenye chombo na kuona mpaka wa kiwanja ulipo, na jioni ya kila siku ya kuwinda narudi nyumbani na mikono mitupu, Skola ananipokea na swali lilelile, "Wamepona wangapi leo?" Nacheka tena. Kumbe moyoni nilikuwa natunza kila neno.

Mwaka huu nikasema basi. Nikanunua risasi zenye goroli kubwa. Fortu alikuwa amenionya kwamba kwa bata tunatumia goroli ndogo, zile za saizi ya ulezi. Muuzaji yeye akaniambia kubwa zinafika mbali, na mimi nikamsikiliza muuzaji kwa sababu alisema nilichotaka kusikia. Hizo zina ukubwa wa mtama. Ni mimi peke yangu kwenye kilabu niliyekuwa nazo.

Jana alfajiri ukungu ulikuwa umelalia maji. Fortu na Mzee Pius, rafiki wa miaka mingi wa baba mkwe, walikaa ng'ambo ya kinamasi. Mimi nilikaa kwenye kificho kimoja na Mzee Deo. Ananichukua kila mara kukaa naye. Wengine wananitania, yeye hajawahi kuniita Bwana Hewa hata siku moja.

Akapiga mluzi. Sista akaitikia kutoka kwenye ukungu. Tukasubiri. Baadaye tukasikia mluzi mwingine, wa juu, halafu miluzi mingi, wakaja kundi zima wakizunguka juu yetu, mara ya kwanza, mara ya pili. Mzee akanigusa goti, maana yake bado. Walipoanza kushuka akasimama taratibu akainua bunduki.

Mimi niliona uso mweupe kwenye maji.

Nimejaribu tangu jana kujiambia kwamba nilidhani ni bata wa mwituni aliyetangulia kutua. Inawezekana. Ila hata kama angekuwa wa mwituni, alikuwa majini, na sheria niliijua, nimeisoma kwenye lile bati misimu mitatu. Ukweli ni kwamba sikufikiri chochote. Kulikuwa na ndege aliyetulia karibu yangu, na mimi nilitaka mara moja tu katika maisha yangu kitu kianguke.

Mzee alipiga wale waliokuwa wakishuka, karibu kabisa na maji. Mimi nikapiga chini. Milio miwili ikatoka pamoja.

Kundi likapanda na kupotea, hakuanguka hata mmoja. Upepo ukasogeza ukungu kidogo, tukamwona ndege mmoja juu ya maji, kifudifudi, na kamba ya katani bado imefungwa mguuni mwake.

Mzee hakupiga kelele. Alishusha bunduki, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mkwe, wewe umepiga wapi?"

"Nimepiga juu, baba. Zimepita."

Nilijibu haraka, kama mwanafunzi aliyeulizwa nani kavunja kioo. Sikupanga. Lakini baada ya kusema nilikuwa na muda wa kutosha wa kurekebisha, na sikurekebisha.

Alivua miwani akaifuta na ncha ya shuka alilojifunika. Ana mtoto wa jicho, daktari ameshamwambia, anangoja zamu yake ya kufanyiwa upasuaji. Akairudisha miwani usoni, akatazama maji, akasema, "Basi ni haya macho."

Halafu akaanza kukunja suruali.

Nikamwambia baba, acha, nitaingia mimi. Akatikisa kichwa. "Aliyeua ndiye anayefuata." Akaingia. Maji ya mwezi wa saba, asubuhi ile, mtu wa miaka sabini na kitu. Yalimfika magotini, yakamfika mapajani. Alitembea akitangulia kupapasa tope kwa fimbo, na alipomfikia alimwokota kwa mikono miwili, akafungua fundo la kamba kwanza, akaikunja kamba akaitia mfukoni, ndipo akageuka kurudi.

Mimi nilisimama ukingoni, viatu vikavu.

Nimesema uongo mara nyingi maishani, kama kila mtu. Nimewahi kumwambia bosi naumwa. Nimewahi kumwambia Skola chumvi iko sawa. Lakini sijawahi kusimama na kutazama uongo wangu ukitembea kwenye maji ya baridi na kunirudia huku unatetemeka.

Kwenye banda Fortu na Mzee Pius walimwona Sista mikononi mwake. Mzee Pius akasema sheria leo ipumzike, amzike tu ndege wake. Baba mkwe akakataa. Akavuta kigoda, akakaa mlangoni kwenye mwanga, akamnyonyoa Sista, manyoya machache machache. Kila aliposikia kitu kigumu kwenye nyama alikitoa kwa kucha akakiweka kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Goroli ya kwanza ilipogonga kifuniko nikajua kwa mlio wake tu.

Akazitoa tatu. Akachukua moja akaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, muda mrefu. Mtu yule ameshika punje za ulezi tangu utotoni, anajua mbegu nzuri na mbaya bila kuitazama. Akachukua ya pili. Halafu akazikusanya zote akazitia mfuko wa shati, akaendelea kunyonyoa.

Nikajipa moyo kwamba hakutambua. Macho yake, nilijiambia. Fikiria ubaya wa hilo: nilikuwa naomba macho yake yawe mabovu kweli.

Kabla hatujaondoka alisema mbele ya wote kwamba Jumatatu, yaani kesho, atapeleka bunduki yake polisi airudishe pamoja na kibali. Alisema asiyemwona ndege wake mwenyewe hana sababu ya kubeba bunduki karibu na watu. Fortu alitaka kubisha, akamzuia kwa mkono. Akasema nafasi yake kwenye kificho achukue mkwe. Mzee Pius akaanza kupiga makofi, kwa adabu tu, na Fortu akafuata. Wote wakanitazama.

Nikasema, "Asante, baba."

Hilo "asante" ndilo linaloniuma zaidi.

Ningekuwa Mkatoliki kama wao ningepanga foleni kwa padri jana ileile jioni nikautua mzigo. Mimi nililelewa kwenye dhehebu la kukiri kimya kimya moyoni, na moyo wangu nimegundua ni msikilizaji mpole mno. Jana usiku ulinisamehe mara tatu, na mara zote tatu sikupata usingizi.

Leo tulienda kula kwao, kama Jumapili zote. Nilikwenda na nia. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, Skola akaniuliza mbona midomo yako inacheza. Nilipanga nimwite Mzee pembeni kabla ya chakula. Tulipofika, uani kuku walikuwa wanachakura, na lile tenga liko tupu limeegemezwa ukutani, nikaingia ndani moja kwa moja.

Mezani mama mkwe alikuwa hajamaliza na mumewe. Nadhani alianza jana. Sijawahi kumwona vile. Alimpenda Sista kuliko alivyokubali, na hasira yake yote ilikuwa ya mtu anayelia akiwa amesimama.

"Nilikwambia hayo macho, Deo, nilikwambia! Sasa umemuua mtoto wa watu."

Mzee alikuwa anatazama sahani yake ya ugali wa ulezi. Akamjibu kwa Kifipa maneno mawili matatu, ya chini, sikuyaelewa. Hayakumtuliza. Mama mkwe akainuka, akaenda ukutani, chini ya kalenda ya kanisa, pale panapotundikwa ufunguo wa pikipiki. Akautoa kwenye msumari akampa Fortu.

"Huo ukae kwako. Kama haoni bata wake mwenyewe, ataliona lori linalotoka mpakani Kasesya?"

Fortu akaupokea bila kumtazama baba yake. Akautia mfukoni.

Pikipiki ile ndiyo inayompeleka shamba. Ndiyo inayompeleka kwa Mzee Pius, na kanisani siku za kwaya, na kinamasini hata nje ya msimu, kukaa tu. Jana nilimnyang'anya bunduki. Leo, mbele ya macho yangu, nikamnyang'anya miguu. Na kila mtu pale mezani alikuwa anafanya jambo la busara, wakimlinda baba yao dhidi ya kosa ambalo hakulifanya.

Mzee aliinua macho akanitazama. Mara moja tu, kwa utulivu, kama mwalimu anayempa mwanafunzi nafasi ya kujibu.

Mimi niliomba nipitishiwe chumvi.

Sikuwa nataka chumvi. Skola alinisogezea, nikainyunyiza kwenye mchuzi, na hapo ndipo mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mbolea.

Wakati wa kuondoka Skola alitangulia barabarani kutafuta bodaboda. Mzee alinisindikiza mpaka kwenye ua, kama anavyofanya siku zote. Tuliposimama, alitia mkono mfuko wa shati, akashika kiganja changu akakifungua, akaweka kitu, akakifunga.

"Hizi ni zako, mkwe. Kwa bata ni kubwa mno, zinaharibu nyama."

Basi. Sauti ileile anayotumia kuniambia nisisahau mwavuli. Halafu akasema mfike salama, akageuka, akarudi kwa miguu yake taratibu, akipapasa ukingo wa ua kwa mkono.

Alijua tangu jana. Alipokaa mlangoni pa banda na goroli kati ya vidole, alijua. Aliposema nafasi yake nipewe mimi, alijua. Mkewe alipomfokea mbele ya watoto wake, alipoutoa ufunguo ukutani, angeweza kusema neno moja, na asingekuwa amemwonea mtu. Hakulisema. Sijui kwa nini. Pengine ni heshima ya ukwe, hakutaka kunivua nguo mbele ya mke wangu na shemeji yangu. Pengine aliona lile neno si lake kulisema, kama vile bata wa mtu mwingine si wako kumfuata majini.

Alikuwa ananisubiri. Nimefikiri kila njia na nimerudi hapo.

Aliyeua ndiye anayefuata. Nimeisoma sheria hiyo misimu mitatu nikidhani inahusu bata.

Skola alipoingia jikoni muda mfupi uliopita kunywa maji alikiona kisosi. Akauliza hizi nini. Nikamwambia ni vitu vya kazini. Yaani hata leo, hata baada ya yale ya uani, nimemdanganya na yeye, na yeye akaamini, akaenda kulala. Naandika hili huku nikimsikia akikohoa chumbani.

Nimewaandikia ninyi kwanza kwa sababu hamnijui nyumbani kwangu. Huo nao ni woga, najua. Mnaweza kuniambia chochote hapo chini nami nitakubali, ila ninyi hamna ufunguo mfukoni wala bunduki ya kurudisha kesho asubuhi.

Kwa hiyo siachi hili mpaka kesho. Kituo cha polisi kinafunguliwa mapema na Mzee ni mtu wa kuwahi. Jua bado lipo, kwao ni nusu saa kwa bodaboda, na wakati huu Mzee na mama mkwe huwa nyumbani, pamoja na Fortu, ambaye Jumapili haondoki bila chakula cha jioni. Nataka wawepo wote. Nilimwambia uongo Mzee peke yake kwenye ukungu, ukweli sitamwambia peke yake uani.

Nikimaliza sentensi hizi namwamsha Skola. Yeye atakuwa wa kwanza, na najua atakachoniuliza, "Kwa nini uliomba chumvi?" Nitampa goroli azishike, nimwache akasirike njiani.

Sijui watanitazamaje baada ya leo. Kwenye kilabu naweza nisikae tena, na hilo ni haki. Bwana Hewa lilikuwa jina zuri, sasa ndiyo naliona.

Mzee atakuwa amekaa pale nje, kwenye kiti chake karibu na lile tenga. Nitamwamkia shikamoo. Ataitikia marahaba, atanikaribisha niketi.

Nitasema nikiwa nimesimama.